Dondoo muhimu: Shindano la gofu lisilokwama

Unaandaa shindano la wachezaji wa ridhaa Tabora? Zingatia haya:

• Chagua kiangazi. Mvua kwa kawaida hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Juni hadi Agosti ardhi ni kavu na joto linavumilika.

• Fuata jua la Tabora. Huchomoza dakika 25 hivi baada ya Dar es Salaam. Julai, anzeni saa 1:30 asubuhi.

• Wageni wafike jana yake. Safari ya treni kwa reli ya kati ni ndefu. Mchezaji aliyechoka huchelewesha wote.

• Anzisheni kwa pamoja. Kiwanja cha mashimo 9 huchukua makundi 9 ya watu wanne, yaani wachezaji 36, kila kundi likianzia shimo lake.

• Tangaza kanuni za muda. Tangu 2019 mpira uliopotea hutafutwa kwa dakika 3, si 5 tena. Inapendekezwa mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40. Aliye tayari apige, mradi mbele ni salama.

• Hesabu kwa Stableford, mfumo wa kupata pointi kwa kila shimo. Asiyeweza tena kupata pointi kwenye shimo huokota mpira na kusonga mbele.

• Weka waangalizi. Kila kundi liende sambamba na lililo mbele yake. Anayejifunza asikaripiwe, aelekezwe kwa upole, maana klabu hukua kwa wageni wanaotamani kurudi.