Sumu ya Nyoka na Dawa Yake

Somo: Matendo 28:1–6

Wapendwa katika Bwana, twajua habari ya Paulo kisiwani Melita, jinsi nyoka alivyomshika mkononi, naye akamkung'utia motoni asipate madhara. Wako Wakristo wasemao, "Basi na mtu wetu akiumwa, tumwombee tu." Neno hilo nililisikia mwenyewe katika nyumba ya mzee mmoja wa kanisa. Mtoto wake aliumwa na moma jioni, akapelekwa hospitali siku ya tatu, mguu umevimba hata nyongani. Tulimzika juma lile lile. Ndiyo sababu naandika somo hili.

Kwanza, tujue sumu yafanyaje. Sumu si moja. Ya moma huvimbisha na kuozesha nyama. Ya koboko hulegeza mwili, hata mtu ashindwe kuvuta pumzi. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka.

Pili, tujue dawa. Mwaka 1894 Wafaransa Albert Calmette, Césaire Phisalix na Gabriel Bertrand walionyesha ya kuwa mnyama akitiwa sumu kidogo kidogo, damu yake hupata nguvu ya kuishinda. Hata leo farasi hutiwa sumu hivyo, kisha damu yake hutolewa, na maji ya damu ile husafishwa yawe dawa. Naye Vital Brazil, tabibu wa Brazili, alionyesha ya kuwa dawa ya nyoka wa aina moja haifai kwa sumu ya kila nyoka. Kwa hiyo tabibu hana budi kuchagua dawa ipasayo nyoka wa nchi yetu. Tena mtoto hupewa kipimo sawa na cha mtu mzima, maana nyoka hampunguzii mtoto sumu.

Dawa hii huikamata sumu, lakini nyama iliyokwisha kuoza haiifufui. Kwa hiyo kukawia ni hasara. Tena yaweza kumdhuru mgonjwa ghafula, kwa hiyo hutiwa mshipani hospitalini tu, penye tabibu wa kumwangalia.

Tatu, tujue la kufanya. Mwondoeni mtu mbali na nyoka, wala msimfuate nyoka ili kumwua. Mtulizeni. Mvueni pete na bangili kabla hajavimba. Kifungieni kijiti kiungo kilichoumwa, kisitikisike, wala msikaze. Msimkaze kamba, msimchanje, msinyonye jeraha, msimwekee jiwe jeusi. Asitembee, mchukueni upesi hospitali. Akitapika au kulegea, mlazeni kwa ubavu wa kushoto.

Sasa turudi kwa Paulo. Hakumtafuta nyoka ili aonyeshe imani yake. Alikuwa akiokota kuni. Na katika safari ile alikuwa pamoja na Luka, aliyekuwa tabibu, wala hatusomi ya kuwa alimdharau kwa kazi yake. Mungu aliyemponya Paulo pasipo dawa ndiye aliyeweka katika damu ya farasi msaada kwa watoto wetu. Basi tuombe, ndugu zangu, lakini tuombe njiani, tukiwa tumembeba mgonjwa.

Maswali ya kuzungumza: Katika mtaa wenu, hospitali yenye dawa hii i wapi? Nani atamchukua mgonjwa usiku?