Uvukizi na Kuchemka: Maji Huenda Wapi?

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Hebu tuipime hoja hiyo kwa sufuria ya maji.

Kiowevu hugeuka gesi kwa njia mbili. Ya kwanza ni uvukizi: molekuli zenye nishati nyingi huponyoka usoni mwa kiowevu, katika halijoto yoyote ile, na kinachobaki hupoa. Ndiyo maana jasho hutuburudisha. Ndivyo pia chumvi inavyopatikana katika mabwawa ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, kwa nguvu za jua na upepo.

Ya pili ni kuchemka. Hapa viputo vya mvuke huundika hata ndani ya kiowevu, pindi kanieneo ya mvuke inapolingana na ya hewa. Mombasa, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Nairobi, iliyo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni nyuzi 94 hivi. Kwa hiyo maharagwe hukawia kuiva.

Asemaye tu kwamba maji “yamekauka” huificha tofauti hii. Shime, wanachama: msamiati tunao, tuutumie ipasavyo.