Maktaba Isiyopungua: Funzo Kutokana na NumPy

Katika taaluma ya kompyuta, istilahi 'maktaba' hairejelei jengo la vitabu. Hurejelea mkusanyiko wa misimbo iliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambayo mtafiti huitumia ili asianze kazi upya. Kitabu kikiazimwa, rafu hubaki na pengo; msimbo ukinakiliwa, haupungui.

Hata hivyo, msimbo huria unaweza kuzua utengano. Numeric, maktaba ya kukokotoa safu za nambari katika lugha ya Python, iliasisiwa na Jim Hugunin mwaka 1995. Baadaye, wanaastronomia nchini Marekani waliunda Numarray, iliyomudu vyema safu kubwa kama zile za picha za anga. Numeric nayo ilibaki na kasi zaidi kwa safu ndogo. Watumiaji wakawa kambi mbili, na kazi ya kambi moja haikuingiliana kwa urahisi na ya nyingine.

Mwaka 2005, Travis Oliphant alianza kuziunganisha, NumPy 1.0 ikatolewa mwaka 2006. Aliweza kwa kuwa leseni za maktaba zote mbili zilimruhusu yeyote kuzirekebisha. Uhuru uleule uliozaa mgawanyiko ndio uliozaa umoja. Picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotangazwa mwaka 2019, iliandaliwa kwa msaada wa NumPy.

Hivyo basi, mwanafunzi anayenufaika na maktaba hizi ana deni. Anapogundua kosa, aliripoti. Anapolisahihisha, arudishe sahihisho. Msimbo haupungui kwa kunakiliwa, bali huchakaa kwa kukosa watunzaji.