Arabuni: Salio Bado Linakuja

Somo: Waefeso 1:13-14, 2 Wakorintho 5:4-5

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mama mmoja aliyemzika mumewe juzi alinishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, kama tumeshapewa Roho, mbona bado tunazika?" Pale mlangoni sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikakaa na neno moja tu: arabuni.

Paulo analitumia mara tatu, na kila mara anazungumza juu ya Roho Mtakatifu. Ni neno la mikataba. Zamani za Wagiriki, mtu akinunua ng'ombe au shamba, alitoa kwanza sehemu ya bei, na hapo mapatano yakafunga. Mnunuzi akigeuka, pesa zake zimepotea. Muuzaji akigeuka, anarudisha mara mbili. Hata sisi hapa Kenya tunajua: ukinunua ploti, kwa kawaida unalipa asilimia 10 mkitia sahihi agrimenti, halafu salio baadaye.

Usichanganye na rehani. Yuda alimwachia Tamari muhuri, kamba na fimbo mpaka alete mwana-mbuzi (Mwanzo 38). Hiyo ilikuwa ya kurudishwa. Arabuni hairudi kwa mwenyewe, kwa maana ni malipo yenyewe yameshaanza. Roho tuliye naye leo si sampuli. Ni urithi wenyewe umeanza kufika.

Na angalia nani ametoa. Kuna wakati tunaomba kama sisi ndio tumelipa dipoziti: nimefunga siku tatu, sasa Mungu anipe. (Hata mimi nimeomba hivyo.) Hapana. Mungu ndiye aliyetoa, amejifunga mwenyewe kumaliza.

Lakini penye arabuni kuna salio. Mwili huu bado haujakombolewa, ndiyo maana tunazika.

Jumatano nilimtembelea yule mama, nikamsomea 2 Wakorintho 5:5. Akaniambia, "Hebu rudi nyuma kidogo." Mstari wa 4 Paulo anasema tukiwa katika hema hii tunaugua kwa kulemewa. Halafu ndipo anataja arabuni.

"Kwa hivyo nikilia usiku, sijapoteza imani?"

"Hujapoteza, mama."

Akapanguza macho, akaenda jikoni kuweka chai.