Tangi la Kwanza la Samaki: Maji Hutangulia, Samaki Hufuata

Wakazi wa kata zilizo kando ya Ziwa Victoria wanawajua samaki kwa kuwavua, kuwauza na kuwala. Kumfuga samaki mdogo wa mapambo ndani ya tangi la kioo sebuleni au darasani ni jambo geni zaidi, ingawa familia na shule zinazolipenda zinaongezeka. Wengi wanaoanza hupata hasara katika wiki ya kwanza. Tangi hununuliwa Jumamosi, hujazwa maji siku hiyo hiyo, samaki hutiwa jioni, na kufikia Ijumaa nusu yao wanaelea. Mwenye tangi humlaumu muuzaji, naye muuzaji huwalaumu samaki. Mara nyingi chanzo cha vifo ni maji ambayo hayajakomaa.

Somo hili linaeleza namna ya kuandaa tangi la kwanza la samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, wanaotoka katika nchi za joto. Linaeleza pia wajibu wa mfugaji kwa ziwa, mito na afya ya jirani zake.

Sumu isiyoonekana

Samaki hutoa taka kwa njia ya mashavu na kinyesi. Taka hizo, pamoja na chakula kilichobaki na majani yanayooza, hutoa amonia. Amonia haina rangi, hivyo maji yanaweza kuwa meupe kama ya kunywa na bado yakawa sumu. Huunguza mashavu ya samaki, naye hupanda juu na kuhema kana kwamba amekosa hewa.

Ziwani na mtoni amonia husambaa katika maji mengi na hushughulikiwa na bakteria waliomo humo. Ndani ya tangi jipya bakteria hao bado ni wachache mno. Wanahitaji muda wa kuzaliana juu ya changarawe, vioo na hasa ndani ya sponji ya chujio. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni hatari kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Makundi haya mawili huhitaji kwa kawaida wiki 4 hadi 6 ili yatoshe kuhudumia samaki. Kipindi hicho ndicho huitwa kukomaza maji. Hapo ndipo waanzaji wengi hushindwa kusubiri, na hapo ndipo fedha zao hupotea.

Tangi na mahali pa kuliweka

Wengi hudhani kwamba tangi dogo ndilo rahisi kwa anayeanza. Katika maji machache taka hujikusanya haraka na joto hubadilika ghafla. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kina cha maji cha sentimita 30 hubeba lita 54, kiasi kinachomfaa mwanzaji. Bakuli la duara lisilo na chujio halifai kufugia samaki.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi hilo, likiwa na maji, changarawe na vioo vyake, hukaribia uzito wa mtu mzima. Kwa hiyo liwekwe juu ya meza imara na iliyosawazika, mbali na watoto wanaotambaa na mbali na dirisha linaloingiza jua la moja kwa moja. Jua kali huchemsha maji na kuotesha ukungu wa kijani kwenye vioo. Tangi likishajazwa lisisogezwe, kwa sababu gundi ya viungo vyake inaweza kuachia.

Vifaa vya lazima ni vichache: chujio lenye sponji, pampu ya hewa, kipimajoto, kifuniko na changarawe. Samaki wengi wa aina hii huishi vizuri katika joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Katika kata za ukanda wa ziwa, chumba kisichopigwa na upepo huweza kutunza joto hilo kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini usiku wa Juni hadi Agosti maji yanaweza kupoa. Mfugaji asome kipimajoto alfajiri kwa siku kadhaa kabla ya kuamua kununua kifaa cha kupasha maji. Kwa lita 50, kifaa cha wati 50 hutosha.

Umeme na maji havipatani. Nyaya zote zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia kwenye soketi hiyo, ili tone la maji linaloteleza kwenye waya lidondoke sakafuni. Vifaa vichomolewe kila mara kabla ya mkono kuingia majini.

Maji yatoke wapi?

Maji ya bomba yanafaa, lakini kwanza yaondolewe klorini. Dawa hiyo humlinda binadamu dhidi ya vimelea, ila huunguza mashavu ya samaki na kuua bakteria wanaohitajika. Maji yakikaa katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24, klorini ya kawaida hupungua sana. Yakipulizwa hewa kwa pampu hupungua mapema zaidi. Ndoo inayokaa zaidi ya siku moja ifunikwe kwa kitambaa cha chandarua ili mbu wasitage humo.

Kuchota maji, mchanga na majani moja kwa moja ziwani hakushauriwi. Konokono wanaoishi kwenye majani ya ufukweni wanaweza kubeba vimelea vya kichocho, na anayeingia majini kuvitafuta hujiweka hatarini yeye na watoto anaowatuma. Changarawe inunuliwe, ioshwe kwa maji mengi bila sabuni mpaka maji yatoke safi, kisha itandazwe kwa kina cha sentimita 3 hadi 5. Mawe ya chokaa na makombe yasiwekwe, kwani hubadilisha hali ya maji taratibu.

Wiki sita za kusubiri

Siku ya kwanza tangi lijazwe, chujio na pampu viwashwe, kisha visizimwe usiku wala mchana. Bakteria nao wanahitaji chakula, hivyo kila baada ya siku mbili zitiwe chembe kidogo za chakula cha samaki, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Chakula hicho huoza na kutoa amonia ya kuwalisha.

Katika kipindi hiki tangi halina samaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yaliyotulia yanaweza kuzalisha mbu kamili ndani ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo tangi lifunikwe vizuri, na pampu iendelee kutikisa uso wa maji.

Mwenye uwezo wa kupata vipimo vya maji apime amonia na nitriti mara mbili kwa wiki. Amonia itapanda, kisha itashuka huku nitriti ikipanda, mwishowe nazo nitriti zitashuka. Vipimo vyote viwili vikisoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, ilhali chakula bado kinatiwa, maji yamekomaa. Asiye na vipimo asubiri wiki sita kamili, kisha aanze na samaki wawili au watatu tu na kuwaangalia kwa wiki mbili kabla ya kuongeza wengine.

Ipo njia ya kufupisha muda huu. Jirani mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima anaweza kutoa kipande cha sponji ya chujio lake. Kipande hicho kisafirishwe kikiwa kibichi na kiwekwe katika chujio jipya siku hiyo hiyo, kwa kuwa kikikauka bakteria wake hufa.

Samaki wa kuanza nao

Gapi ni samaki mdogo mwenye mkia wa rangi na anayevumilia makosa ya mwanzaji. Huzaa watoto walio hai, na jike mmoja anaweza kuzaa makumi kila baada ya wiki nne hivi. Kwa sababu hiyo ni busara kuanza na madume sita peke yao. Chaguo jingine ni danio mwenye milia, ambaye huishi kwa kundi la sita au zaidi na huruka, hivyo kifuniko ni cha lazima. Tangi la lita 50 litoshe samaki wadogo kumi.

Wapo samaki wanaouzwa wakiwa wadogo ambao hawafai kwa tangi hili. Samaki wa dhahabu hukua kupita sentimita 20, hutoa taka nyingi na hupenda maji ya baridi zaidi. Yule anayenunuliwa ili kulamba vioo huweza kufikia sentimita 40. Sato na kambare ni samaki wa bwawa.

Mfuko wa samaki wapya uelee juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha uongezwe maji ya tangi kidogo kidogo. Baada ya hapo samaki wahamishwe kwa kijavu, na maji ya mfuko yasimwagwe ndani ya tangi.

Matunzo ya kila wiki

Samaki walishwe mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Kulisha kupita kiasi huua samaki wengi kuliko njaa. Kila wiki robo ya maji itolewe na kujazwa maji yaliyoondolewa klorini yenye joto linalolingana. Sponji ya chujio isioshwe kwa maji ya bomba. Ikaminywe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, ili bakteria wabaki hai.

Samaki wakionekana wakihema juu, mfugaji abadilishe mara moja theluthi moja ya maji, asitishe chakula kwa siku moja na amtoe aliyekufa. Ndiyo maana ndoo moja ya maji yaliyo tayari haipaswi kukosekana nyumbani. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, samaki wasilishwe, na maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa kutoka juu mara kwa mara ili hewa iingie.

Mikono isuuzwe kwa maji safi kabla ya kazi na ioshwe kwa sabuni baada yake. Mwenye kidonda mkononi amwachie mwingine. Maji yanayotolewa yana nitrati, ambayo ni mbolea nzuri kwa mchicha na miche ya bustani.

Asitupwe ziwani

Sehemu hii inamhusu kila mkazi, hata asiyefuga. Samaki au mmea wa tangi usitupwe ziwani, mtoni wala mtaroni, hata kwa nia ya kumhurumia. Historia ya Ziwa Victoria yenyewe inatosha kuwa fundisho. Sangara aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960. Alileta biashara kubwa, lakini kuongezeka kwake katika miaka ya 1980 kulichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu ambao hawapatikani popote pengine duniani. Gugumaji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, lilisambazwa katika nchi nyingi kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Tangu lilipoenea ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, wavuvi wamezibiwa mialo na mitumbwi imekwama.

Samaki wa tangi anaweza pia kubeba ugonjwa usioonekana na kuuingiza kwa samaki wa porini au wa vizimba, ambavyo ni riziki ya kaya nyingi. Anayeshindwa kuendelea kufuga amrudishe samaki kwa muuzaji, au ampe mfugaji mwingine au shule yenye tangi. Aliyekufa azikwe bustanini, na mimea ya tangi ikaushwe kabisa juani kabla ya kutupwa shimoni.

Aidha, uvuvi na biashara ya samaki vinasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Mkazi anayefikiria kukamata furu au samaki wengine wa porini kwa ajili ya matangi, au kugeuza ufugaji huu kuwa biashara, amwone kwanza afisa uvuvi wa Halmashauri ili aelezwe vibali vinavyohitajika. Kwa asiyejua pa kuanzia, ofisi ya mtendaji wa kata itamwelekeza.

Anayetaka watoto wake waone samaki wakati wa likizo ajaze tangi wiki sita kabla ya shule kufungwa, na fedha za samaki azitunze mpaka maji yawe tayari.