Mwamba wa Saruji Bustanini: Kagua Waya Kabla Haujafunikwa

Katika nyumba za kuishi, kumbi za sherehe na hoteli za miji yetu, mwamba wa kutengenezwa umekuwa pambo la kawaida. Maji huteremka juu yake, mimea hupandwa katika mapengo yake, na wageni husimama mbele yake kupiga picha. Mwamba huo si jiwe. Ni ganda la saruji na mchanga lililopakwa juu ya mifupa ya nondo na wavu wa waya, na ndani yake mna uwazi mtupu.

Tumeandaa somo hili kwa sababu mwamba mzuri na mwamba mbovu hufanana siku ya makabidhiano. Vyote viwili huwa na rangi ya kupendeza na mikunjo kama ya jabali la mlimani. Tofauti yao imo ndani, mahali ambapo jicho halitafika tena baada ya plasta kukauka. Kwa hiyo mlaji anayesubiri kazi iishe ndipo aikague huwa amekwisha kuchelewa.

Tuchukue mfano. Mlaji mmoja amelipa fedha zote siku aliyokabidhiwa mwamba wake. Masika yanapokwisha, nyufa zinajitokeza na michirizi ya kutu inashuka ubavuni. Anapobomoa sehemu moja anakuta wavu wa tabaka moja, nondo chache zisizofungwa pamoja, na mifuko mitupu ya saruji iliyosokotwa ndani ili kushikilia plasta. Fundi hapatikani tena. Hasara ya namna hii huzuilika, mradi mlaji ajue akague nini na akague lini.

Asili ya ufundi huu

Kupaka saruji juu ya waya si ujanja wa kupunguza gharama uliobuniwa juzi. Nchini Ufaransa, Joseph-Louis Lambot aliunda mashua ya saruji na waya mwaka 1848, na mwaka 1855 chombo chake kilioneshwa katika maonesho makubwa ya Paris. Mwaka 1867 mtunza bustani Joseph Monier alipata hataza ya vyungu vya mimea vilivyotengenezwa kwa njia kama hiyo. Mwaka huohuo bustani ya Buttes-Chaumont ilifunguliwa mjini Paris katika eneo lililokuwa machimbo, ikiwa na pango na miamba iliyoumbwa kwa saruji. Bustani hiyo ingali inatembelewa hadi leo. Kazi ya aina hii, ikifanywa kwa uangalifu na kutunzwa, hudumu kwa vizazi.

Siri yake ni mgawanyo wa kazi. Saruji hustahimili sana kukandamizwa lakini hukatika upesi inapovutwa au kupindwa. Chuma hustahimili kuvutwa. Vikiungana, kila kimoja hufidia udhaifu wa mwenzake, na saruji iliyoshikana vizuri hukikinga chuma dhidi ya kutu. Muungano huo ukivunjika, mwamba nao huanza kuvunjika.

Hatua ya kwanza: mifupa

Mwamba huanza na msingi. Mwamba mdogo hukaa juu ya jamvi la zege, na mkubwa huhitaji msingi uliochimbwa. Nondo za mifupa zishikizwe katika msingi huo, zipindwe kufuata umbo linalotakiwa, kisha zifungwe kwa waya wa kufungia kila zinapokutana. Juu yake hutandazwa wavu wenye matundu madogo, kama ule wa kufugia kuku, usiopungua tabaka mbili. Matundu ya tabaka moja yasikae sawasawa na matundu ya tabaka la pili. Wavu uliopakwa zinki hustahimili unyevu kuliko wavu mtupu.

Hii ndiyo siku ya kufika kazini. Kabla plasta haijaanza, fanya mambo haya manne:

1. Bonyeza wavu kwa kiganja sehemu mbalimbali. Ukibonyea na kurudi kama godoro, haujafungwa vya kutosha, na plasta itapasuka hapo.
2. Tikisa mifupa kwa mikono miwili. Isiyumbe wala kuinuka kutoka kwenye msingi.
3. Chungulia ndani. Usikubali karatasi, mifuko, majani wala vipande vya mbao vitumike badala ya nondo.
4. Piga picha za pande zote, zenye tarehe, na uzihifadhi. Hizo ndizo ushahidi wako wa kitu ambacho hutakiona tena.

Hatua ya pili: saruji, mchanga na maji

Nunua saruji yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), iliyo katika mfuko usiochanika. Namba 32.5 au 42.5 iliyoandikwa kwenye mfuko inaeleza nguvu ambayo saruji hiyo inapaswa kufikia baada ya siku 28. Ukiona saruji imeganda mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole, ikatae, kwa kuwa imekwisha kupata unyevu.

Mchanga uwe safi. Mchanga wa pwani ya bahari haufai kabisa, kwa sababu chumvi yake hukilisha chuma kutu kutoka ndani. Kupima tope, jaza mchanga hadi sentimita 10 katika chupa angavu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie kwa saa kadhaa. Tabaka laini la tope litaonekana juu ya mchanga. Likizidi milimita 8, omba mchanga mwingine au uoshwe.

Kipimo kinachofaa ni sehemu moja ya saruji kwa sehemu mbili hadi tatu za mchanga. Kipimwe kwa ndoo, kwa maana koleo moja laweza kujaa na jingine likawa nusu. Maji ndiyo yanayoharibu kazi nyingi, kwa kuwa mchanganyiko mwepesi hupakika kwa urahisi lakini ukikauka huacha vitundu vingi vinavyopitisha unyevu. Mfuko wa kilo 50 usipewe zaidi ya lita 25 za maji, ukihesabu na unyevu uliomo mchangani. Mchanganyiko ulioanza kukaza usiongezwe maji ili ulainike tena. Na utupwe.

Hesabu ambayo kila mlaji aweza kuifanya

Fundi akikuletea orodha ya vifaa, usiikubali wala kuikataa kwa kubahatisha. Pima eneo la uso wa mwamba kwa futi kamba, ukifuata mabonde na vilima vyake. Tuseme umepata mita za mraba 10, na plasta yote itakuwa na unene wa sentimita 5. Zidisha 10 kwa 0.05, utapata mita ya ujazo 0.5, yaani lita 500.

Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Ukichanganywa na mchanga lita 105, ambao ni ndoo tano na robo za lita 20, hutoa udongo wa kupaka wa takriban lita 108. Gawanya 500 kwa 108, utapata mifuko isiyofika mitano. Ongeza mmoja kwa ajili ya unaomwagika na kupotea, iwe sita. Orodha ikisema mifuko 12, una haki ya kuuliza sita ya ziada inakwenda wapi. Ikisema mitatu, uliza vilevile, kwa sababu huenda plasta itakuwa nyembamba mno.

Hesabu hiyo hufunua jambo jingine. Udongo wa saruji uliokauka una uzito wa karibu kilo 2,100 kwa kila mita ya ujazo. Mwamba wa mfano wetu utazidi tani moja, ijapokuwa ndani ni mtupu. Usiujenge juu ya roshani au paa, wala usiuegemeze kwenye ukuta wa jirani, bila ushauri wa mhandisi.

Hatua ya tatu: kupaka na kumwagilia

Plasta ya kwanza husukumwa kwa nguvu mpaka ipenye matundu na kuukumbatia wavu. Kabla haijakauka huchanwa mistari, ili plasta ya pili ipate pa kushika. Plasta ya pili ndiyo inayochongwa kuwa sura ya jabali. Mwishoni, chuma chote kiwe kimefunikwa kwa saruji isiyopungua sentimita 2 upande wa nje. Ncha ya waya inayochomoza ni njia ya kutu.

Baada ya hapo huja kazi ambayo wengi huiona ndogo. Saruji haipati nguvu kwa kukauka. Huipata kwa kuungana na maji. Katika jua letu, mwamba ulioachwa wazi hupoteza maji yake mapema na kupasuka. Ufunikwe kwa magunia mabichi au turubai, na uloweshwe kwa muda usiopungua siku 7. Rangi isubiri mpaka zitimie siku 28. Fundi anayeahidi kupaka saruji leo na rangi keshokutwa anakuuzia haraka, na gharama ya haraka hiyo utailipa wewe.

Usalama wa wakazi

Udongo mbichi wa saruji huchoma ngozi, tena taratibu, hata mtu asihisi hadi amekwisha kuumia. Watoto wasiuchezee, na anayeushika avae glavu na buti za mpira. Ukiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali.

Kama mwamba umezungukwa na bwawa la samaki, usiwatie samaki mara tu bwawa linapojaa. Saruji mpya hutoa chokaa kinachoweza kuwaua. Jaza maji na kuyamwaga mara kadhaa kwa majuma machache kwanza. Pampu na taa za majini zifungwe na fundi umeme mwenye leseni, pamoja na kifaa kinachokata umeme unapovuja.

Angalia pia mashimo yanayotuamisha maji. Yai la mbu laweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili, na kishimo cha ukubwa wa bakuli chatosha kuwazalisha. Kila bonde la mwamba liwe na njia ya kutolea maji. Mwisho, mwamba wa pambo si wa kupandwa. Ikiwa watoto watafika hapo, mweleze fundi kabla ya kazi kuanza ili mifupa iongezwe nguvu.

Makubaliano na malipo

Andikeni makubaliano, hata kama fundi ni ndugu au jirani. Yataje vipimo vya mwamba, unene wa nondo, idadi ya tabaka za wavu, kipimo cha mchanganyiko, unene wa plasta, siku za kumwagilia, na nani ananunua vifaa. Dai risiti kwa kila unachonunua.

Tunashauri malipo yafuate hatua za kazi: sehemu ya kwanza mifupa inapokaguliwa na kukubalika, ya pili plasta inapokamilika, na ya tatu baada ya rangi. Bakiza walau sehemu moja ya kumi hadi mvua kubwa ya kwanza ipite, na jambo hilo liandikwe tangu mwanzo ili lisiwe ugomvi mwishoni. Fundi mwaminifu hatachukia, kwa kuwa makubaliano ya namna hii humlinda yeye pia dhidi ya mteja anayebadili maneno.

Ukiona kasoro

Gonga mwamba kwa mpini wa nyundo. Mlio mzito ni dalili njema, na mlio kama wa debe hueleza kwamba plasta imeachana na wavu. Nyufa nyembamba kama unywele huweza kuzibwa. Ufa unaopanuka, au unaotoa maji ya rangi ya kutu, hauzibwi kwa rangi. Sehemu hiyo ivunjwe mpaka kwenye chuma na ijengwe upya.

Mjulishe fundi kwa maandishi, ukiambatisha picha, na umpe muda maalumu wa kurekebisha. Asipoitikia, peleka shauri kwenye ofisi ya Serikali ya Mtaa, au fika ofisini kwetu ukiwa na makubaliano, risiti na picha za mifupa. Bila nyaraka hizo, shauri hubaki kuwa neno lako dhidi ya neno lake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini picha za mifupa zipigwe kabla ya plasta na si baada?
2. Uso wa mwamba ni mita za mraba 6 na unene wa plasta ni sentimita 5. Inahitajika mifuko mingapi ya saruji kabla ya kuongeza wa kupotea? (Jibu: karibu mifuko mitatu.)
3. Fundi amesema mchanga wa ufukweni ni mweupe na mzuri zaidi. Utamjibu nini?
4. Mwamba umepakwa saruji Jumatatu, na fundi anataka kupaka rangi Alhamisi. Utafanya nini?

Ukiweza kuyajibu maswali haya bila kurudi nyuma, uko tayari kumwita fundi. Siku atakapomaliza kufunga wavu, uwepo.