Upande Ukizidishwa Mara Mbili, Shamba Huwa Kubwa Mara Ngapi?

Hesabu ya mkopo wa mbolea mara nyingi huanza na maneno ya mwanachama mbele ya meza ya katibu: "Msimu uliopita nililima ekari moja, safari hii nimelipanua shamba mara mbili." Katibu huandika ekari mbili, mbolea ya ekari mbili hutolewa, na shauri huonekana limekwisha. Lakini yafaa kwanza aulizwe amepanuaje. Ikiwa amepiga hatua 140 kila upande, badala ya zile 70 za awali, shamba lake si ekari mbili. Ni ekari nne.

Wakulima wengi wa Tanzania huihesabu ekari kuwa hatua 70 kwa 70, na desturi hiyo ina msingi. Ekari moja ni yadi za mraba 4,840. Mraba wenye upande wa yadi 70 una yadi za mraba 4,900, tofauti isiyomdhuru mtu. Kwa vipimo vya metriki, upande huo ni mita 64.

Sasa, 140 mara 140 ni 19,600. Zigawanywe kwa 4,900, jibu ni nne kamili. Asiyeridhika na tarakimu na achore mraba ardhini kwa kijiti. Akiurefusha upande mmoja tu mara mbili, atapata miraba miwili iliyopangana. Akiurefusha na upande wa pili vivyo hivyo, miwili ile nayo huongezeka mara mbili, ikawa minne. Ndiyo kusema kwamba kipimo kilichozidisha upande hakina budi kuzidishwa kwa chenyewe ndipo eneo lijulikane: upande mara tatu, eneo mara tisa, upande mara moja na nusu, yaani hatua 105, eneo ni ekari mbili na robo.

Ichukuliwe kwamba bwana shamba ameagiza mifuko miwili ya mbolea kwa ekari, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Mwanachama aliyetajwa atapewa mifuko minne, kumbe anahitaji minane. Atainyunyiza ile minne shamba zima, kila mche upate nusu ya haki yake. Mavuno yakiwa hafifu, lawama itaiangukia mbolea, au chama, ilhali kosa lilitendeka siku ile mezani.

Hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi kwa chama chenyewe. Mwanachama aliyekosa vibarua hupunguza shamba lake kuwa hatua 35 kwa 35, akasema amelima nusu. Lakini 35 mara 35 ni 1,225, nayo ni robo ya ekari. Akiandikiwa mkopo wa nusu ekari, deni la nusu litangojea kulipwa kwa mavuno ya robo.

Je, anayetaka ekari mbili halisi, tena shamba libaki mraba, apige hatua ngapi? Wengi hujibu 140, wachache 105. Jibu ni 99, kwa maana 99 mara 99 ni 9,801, na zinazotakiwa ni 9,800. Kwa ekari tatu, hatua 121 zatosha. Hata hivyo, asiyelazimika kuwa na mraba na alime 70 kwa 140. Hizo ni ekari mbili bila ya kuumiza kichwa.

Liko jambo jingine ambalo huwagombanisha watu zaidi, nalo ni urefu wa hatua yenyewe. Yadi ni sentimeta 91 hivi. Mwenye hatua ya sentimeta 82 amepungukiwa na sehemu moja tu katika kumi, na hilo huonekana dogo. Lakini upungufu huo umo katika pande zote mbili: hatua zake 70 ni sawa na yadi 63, na 63 mara 63 ni 3,969. Karibu sehemu moja katika tano ya ekari imepotea. Kibarua anayelipwa kwa ekari hunufaika na hatua fupi za mwenye shamba, na huumia zikiwa ndefu. Vivyo hivyo mwenye kukodisha na mwenye kukodi.

Dawa yake ni kamba isiyovutika, ya mita 32, inayotandazwa mara mbili kwa kila upande. Au mkulima na ahesabu hatua zake mwenyewe katika mita 64 zilizopimwa: yule wa sentimeta 82 atapata 78, basi ekari yake ni 78 kwa 78. Pembe nazo zisisahauliwe, kwani shamba lililolala upande, hata pande zake nne zikiwa sawa, eneo lake ni dogo kuliko la mraba. Kamba ivutwe kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, kwa njia zote mbili. Urefu ukitofautiana, pembe zimepinda.

Katika daftari, kabla ya safu ya ekari, iwepo safu ya vipimo: "70 kwa 140", kwa mfano. Ekari na azipate katibu mwenyewe kwa kuzidisha na kugawanya kwa 4,900, mwanachama akiwa bado yupo mbele yake.